Mashine Haina Sababu ya Kusema Uongo

Jumapili, tarehe 12 Aprili. Asubuhi mawingu mazito, manyunyu saa moja kasorobo, baridi ya kuvaa sweta.

Mpendwa Shangazi wa gazeti,

Niwie radhi kwa kuanza barua na hali ya hewa. Ni mazoea ya miaka kumi na tisa ya kuandika shajara, na mkono wangu haukubali kuanzia kwingine. Naomba unisaidie, kwa maana nimemvunjia heshima baba wa mume wangu kwa jambo ambalo hakulifanya, yeye amehama nyumbani kwangu bila kunishtaki kwa mtu yeyote, na nisipofumbua mdomo kabla ya Alhamisi ya tarehe 23 atapoteza jicho lake la mwisho.

Nieleze kwa utaratibu. Mimi ni karani wa shule ya sekondari, nachapa barua, ratiba na mitihani, na msimu wa mitihani ukifika kazi naichukua nyumbani kwa sababu ofisini kuna kompyuta moja na makarani watatu. Nyumbani tuna kompyuta ya mezani, ipo sebuleni kando ya dirisha, naifunika kwa kitambaa nilichokifuma mwenyewe. Baba mkwe alihamia kwetu miaka minne iliyopita baada ya mama mkwe kufariki. Alikuwa karani wa posta, miaka thelathini na mmoja akipanga barua, kwa hiyo tangu siku ya kwanza akaniita "karani mwenzangu", na kila Desemba ni yeye aliyeninunulia shajara ya mwaka unaofuata, akaandika ukurasa wa kwanza kwa mwandiko wake wa kulala: Andika yote, hata mvua.

Jicho lake la kushoto lilikufa zamani. La kulia lina mtoto wa jicho, na tulisubiri nafasi ya upasuaji miezi minane. Burudani yake ilikuwa drafti. Kila siku saa tisa alasiri alifungua mtandao, akatafuta ule ukurasa wa kucheza drafti, akakuza kete mpaka zikawa kama visahani, akapambana na mashine huku pua inakaribia kugusa kioo. Nikirudi kazini namsikia tangu kwenye ngazi: "We mashine, mwizi! Kete yangu hiyo umeila saa ngapi?" Watoto wangu walivunjika mbavu. Matokeo aliyaandika kwa kalamu nene kwenye kadi aliyoibandika ukutani: Mashine 211, Mimi 4.

Jumatatu ya tarehe 23 Februari, saa kumi na moja jioni, yeye akiwa ametoka kuoga, nilikaa kwenye kompyuta na ghafla kioo kikawa chekundu chote, king'ora kikalia, na maandishi yakatokea: ONYO! KOMPYUTA HII IMETUMIKA KUTAZAMA PICHA ZILIZOKATAZWA. MAFAILI YAKO YAMEFUNGWA. USIZIME. PIGA SIMU SASA HIVI. Chini yake namba. Nilizima kwa kuchomoa waya, nikatazama mlango wa bafuni, nikaona aibu kwa kile nilichokuwa nimeanza kukifikiri.

Sikumwambia mtu. Nikafanya nijualo, nikahesabu. Kwa wiki mbili niliandika kila onyo, tarehe yake, saa yake, na nani alitoka kwenye kiti kabla yake, na kufika Jumapili ya tarehe 8 Machi nilikuwa na maonyo kumi na manne, kumi na mawili kati yake yametokea baada ya baba mkwe kucheza, na mawili sikujua ya nani. Mimi nachapa bila kufungua mtandao, watoto hawaruhusiwi kuigusa, mume wangu hurudi usiku akiwa hoi. Nilipiga mstari chini ya hesabu kwa rula, Shangazi, kama mtu anayefunga mtihani ndani ya bahasha.

Siku hiyo mume wangu aliwapeleka watoto kunyolewa. Baba mkwe akaja kukaa kwenye kiti chake nami nikamwambia, "Baba, leo hapana."

"Umeme umekatika?"

"Umeme upo. Kompyuta imeandika vitu ulivyokuwa unaangalia."

"Vitu gani, karani mwenzangu?"

Nikamgeuzia kioo, onyo la jana nilikuwa sijalifunga. Akatoa miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akainama akasoma neno moja moja, midomo inacheza, na alipofika mwisho akarudi mwanzo akasoma tena. Kisha akanyooka taratibu.

"Na wewe umeamini?"

Ndipo nikasema maneno ambayo nayasikia mpaka sasa nikiosha vyombo. Nilisema, "Baba, mashine haina sababu ya kusema uongo."

Alikunja miwani, akaiweka kwenye mfuko wa shati, akaenda chumbani kwake. Jumanne asubuhi alimwambia mume wangu kwamba ngazi zetu zimemshinda magoti, anakwenda kukaa kwa binti yake, yaani wifi yangu, mwendo wa saa tatu kwa basi. Mimi aliniaga hivi: "Asante kwa yote, mama watoto." Miaka minne hakuwahi kuniita hivyo.

Baada ya hapo maonyo yalikoma kabisa. Nami, Mungu anisamehe, nikaandika kwenye shajara: Shwari.

Mume wangu anaamini dada yake ndiye aliyemrubuni mzee. Wamegombana kwenye simu hadi wametupiana maneno ya marehemu mama yao, na sasa hawasalimiani. Mwishoni mwa Machi alimkumbusha baba yake siku ya upasuaji, hospitali ni ya huku kwetu na lazima alale karibu nayo siku tano ili wamwangalie. Mzee akamjibu, "Mwanangu, jicho langu limeona ya kutosha." Akikosa tarehe 23 anarudi mwisho wa foleni, na daktari alishasema jicho lile halina miezi minane mingine.

Sasa sikiliza mkono wa Mungu. Jumatano iliyopita, tarehe 8, nilifungua mtandao mwenyewe kutafuta maelezo ya hospitali kuhusu mgonjwa wa jicho anavyoandaliwa. Kioo kikawa chekundu. King'ora. Picha zilizokatazwa. Mikono juu ya vibonyezo ilikuwa yangu. Kwa kuchanganyikiwa nikapiga ile namba, akapokea mwanamume mwenye sauti ya upole kuliko mchungaji, akaniambia, "Usiogope mama, nifungulie tu njia niingie kwenye kompyuta yako nikusafishie," akaanza kunitajia vitu vya kubonyeza, nami nikabonyeza cha kwanza na cha pili, umeme ukakatika. Katika maisha yangu yote hiyo ndiyo mara pekee niliyoushukuru umeme kukatika.

Jana Jumamosi niliibeba kompyuta hadi kwa mama mmoja fundi, mwenye duka la fotokopi jirani na shule. Akaiwasha, akafungua mtandao, king'ora kikalia, akacheka.

"Dada, nani amekutisha hivi?"

"Imeandika kwamba kuna mtu..."

"Naona ilichoandika. Hiki wanaletewa wote. Wiki iliyopita nimekitoa kwenye kompyuta ya sista wa zahanati. Na sista naye alikuwa anaangalia picha chafu?"

Nilikaa kwenye boksi la karatasi. Akanionyesha kwamba si onyo la kompyuta hata kidogo, ni tangazo la matapeli, linarushwa na tovuti iliyopewa ruhusa kutuma arifa, na hiyo ruhusa ililetwa na programu fulani ya bure, na programu huamka pale tu mtu anapofungua mtandao. Ndiyo maana ilimwamkia mzee na drafti yake na haikuniamkia mimi na mitihani yangu. Akaniambia, "Programu imeingia tarehe 21 mwezi wa pili, saa sita na dakika tisa mchana. Siku hiyo nani alikuwa kwenye kiti?"

Shajara huwa natembea nayo. Nikafungua. Nakunakilia kama ilivyo: "Jumamosi 21 Februari. Jua kali tangu asubuhi. Baba mkwe na baba watoto kliniki ya macho, wamerudi saa kumi. Nimepakua programu ya bure ya kugeuza nyaraka. Ilitaka ruhusa mara mbili, nimeruhusu. Mitihani ya kidato cha pili imekamilika. Nimelala saa tano."

Fundi aliichomoa mtandaoni, akaing'oa ile programu na nyingine mbili zilizokuja mgongoni mwake, akafuta ruhusa zote za arifa, akakirudisha kivinjari kama kilivyonunuliwa, akaipitisha kwenye kikagua virusi mara mbili, dakika arobaini kwa saa yangu, akaniambia, "Imekwisha dada, hakuna hata mmoja atakayejua." Hilo ndilo neno linalonitesa. Kompyuta imepona. Mzee hakusema, na hatasema. Ushahidi uliobaki duniani ni ukurasa mmoja wa shajara yangu, na jana usiku nilikaa nao na wembe. Sijawahi kuchana ukurasa katika miaka kumi na tisa. Sikuuchana, lakini wembe sijaurudisha kabatini.

Nifanyeje? Nikimwambia mume wangu atanitazama kwa jicho gani? Nimpigie mzee simu? Nimeanza kumwandikia barua mara tatu, maana yeye ni mtu wa barua, na mara tatu nimekomea kwenye hali ya hewa.

Jana nililala saa tisa na robo usiku.

Ni mimi,
Karani wa Mitihani

*

(Kwa kuwa siku zilikuwa zinakwisha, jibu hili nilimtumia karani kwa simu Jumatano ya tarehe 15. Kwa ruhusa yake tunalichapa lilivyokuwa.)

Karani, mwanangu,

Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama, na nilipomaliza ndipo nikakumbuka kukaa. Pole. Pole hiyo ni moja, usitegemee ya pili, maana nina la kukuambia.

Ulihesabu vizuri ukahukumu vibaya. Kumi na mawili kati ya kumi na manne, mstari kwa rula! Ukasahau kuhesabu kitu kimoja kilichokaa mbele yako kila alasiri: mzee anayekuza kete ziwe kama visahani, hizo picha za siri angezitazama kwa jicho lipi? Ulijua. Uliishi naye miaka minne, ukampeleka kliniki, ukamsikia akitukanana na drafti kama mtoto. Ukaweka ushahidi wa mtu mzima upande mmoja na maandishi mekundu ya mtu usiyemjua upande wa pili, ukachagua mekundu kwa sababu yamechapwa. Wewe unayechapa siku nzima ndiye ulipaswa kujua kuwa chochote kinachapika.

Waliosema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi walikuwa wanakuzungumzia wewe, kabla hujazaliwa.

Haya, tuanze na kompyuta kwa sababu ndiyo rahisi, na wapo wasomaji wengi ambao kioo chao ni chekundu wakati huu na wameshaanza kumkodolea macho mtu nyumbani. Onyo la kweli halipigi king'ora wala halitoi namba ya simu. Usipige. Dirisha likikataa kufungika, zima kivinjari chote, kikigoma zima kompyuta kwa kitufe chake. Kisha chomoa mtandao, ingia kwenye mipangilio ya kivinjari, tafuta palipoandikwa arifa, futa kila tovuti usiyoijua, halafu nenda kwenye orodha ya programu, ipange kwa tarehe, na kilichoingia siku ile matatizo yalipoanza king'oe. Pitisha kikagua virusi kinachoaminika. Fundi wako amefanya haya yote na amefanya vyema. Lakini wewe ulibonyeza cha kwanza na cha pili ukiwa na yule mchungaji wa simu! Kwa hiyo leo hii, kwa kutumia simu au kompyuta nyingine, badilisha nywila za barua pepe na benki, na mwambie mkuu wa shule kwamba mitihani ilikuwa kwenye mashine hiyo. Utaona aibu. Zoea, maana hiyo ndiyo aibu ndogo ya wiki hii.

Sasa nyumba. Usiku huu, watoto wakishalala, mwambie mume wako. Usimwambie "nina jambo dogo". Mfungulie shajara tarehe 21 Februari, kisha tarehe 8 Machi, umwache asome. Anamtukana dada yake kwa kosa lako, mwanangu. Kila siku unayonyamaza unawagombanisha ndugu wawili waliobaki na mzazi mmoja. Atakutazama kwa jicho gani, unauliza. Kwa jicho lolote atakalotaka. Wewe mwenye mawili usianze kuhesabu ya wenzako.

Mzee usimpigie simu. Simu unaweza kuikata ukizidiwa. Na hiyo barua iache. Umesahau tena! Nani atamsomea? Wifi yako. Unataka binti yake amsomee baba yake kwa sauti kwamba mkwewe alimdhania anatazama picha chafu? Mzee amekaa na aibu ile mwezi mzima kifuani ili isikuguse wewe, halafu uimwage mezani mbele ya binti yake?

Panda basi Jumamosi. Nenda na shajara. Omba mkae peke yenu. Ukurasa ule msomee wewe, kwa mdomo uleule uliosema mashine haina sababu ya kusema uongo. Soma wote, na jua kali, na ruhusa mara mbili. Ukimaliza, nyamaza. Usilie ili yeye aanze kukubembeleza, si kazi yake. Usimwombe arudi kwako. Mtafutie pengine pa kulala siku tano zile, kwa rafiki yake wa zamani au nyumba ya wageni karibu na hospitali, umwambie pamepatikana na kwamba jicho lake halina hatia kwa kosa lako. Akikusamehe, ni zawadi. Asipokusamehe, upasuaji uko palepale.

Na wembe urudishe kabatini sasa hivi, kabla hujamaliza kusoma sentensi hii.

Shangazi

*

(Jumatatu ya tarehe 20 karani alinitumia ukurasa huu wa shajara yake. Hakuongeza neno.)

Jumamosi, tarehe 18 Aprili. Asubuhi ukungu, mvua ya rasharasha kuanzia saa mbili, kisha ikashika kabisa.

Basi la saa moja. Baba watoto hakuja nami. Tangu Jumatano anaongea na mimi mambo ya maji na ada tu. Amempigia dada yake, wameongea muda mrefu mlango ukiwa umefungwa.

Nimefika saa nne na nusu. Wifi amenipokea mkoba bila kunitazama, akatoka kwenda sokoni na mvua ile. Baba mkwe alikuwa kibarazani, kiti kimegeukia ukuta, kwa kuwa mwanga unamuumiza. Amekonda. Hakunitambua mpaka niliposema shikamoo.

Nimesoma tarehe 21 Februari, nikataja na saa aliyoisema fundi. Nimekwama kwenye "nimeruhusu", nikarudia. Nimesoma na tarehe 8 Machi. Nikanyamaza kama nilivyoagizwa. Mvua ilikuwa inapiga bati, nikafikiri labda hakusikia.

Akasema, "Soma tena ile ya kwanza."

Nikasoma tena.

"Saa sita na dakika tisa. Saa hiyo nilikuwa na dawa machoni, nimefumba. Daktari alisema nihesabu hadi mia."

Nikafunga shajara.

"Mimi nilipanga barua miaka thelathini na mmoja. Nyingine zilikuwa na uongo mtupu ndani. Bahasha haijui." Kisha akasema, "Hospitali nitakwenda. Kwenu sitalala."

Nimemwambia kwamba mwenzake wa posta, anayekaa nyuma ya hospitali, ametayarisha chumba. Akaitikia kwa kichwa. Akauliza ni saa ngapi Alhamisi, nimemwambia saa mbili asubuhi, asile kitu.

Wakati wa kuaga nikatoa ile kadi ya drafti, nilikuwa nimeibandua ukutani kwa uangalifu ili isichanike. Nilidhani ataipenda. Aliishika karibu na uso, akaigeuza kwenye mwanga, hakuona kitu, akanirudishia.

"Inasemaje?"

"Mashine mia mbili na kumi na moja. Wewe nne."

Akaigusa kadi mkononi mwangu kwa kidole.

"Andika, karani. Mashine, ongeza moja."

Nimeongeza. Nimerudi kwa basi la saa tisa, nguo zimelowa. Mvua bado. Nimelala saa tisa kasoro dakika kumi usiku.